Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa Waya Nyumbani Uende Kasi

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu waya: spidi inapotelea wapi, kipi kibadilishwe, kipi kiachwe mahali pake.

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nahariri video za safari nyumbani kwangu Njiro. Kompyuta iko chumba cha kazi, hifadhi ya mtandao yenye diski nne iko stoo. Kuhamisha gigabaiti 200 kutoka kompyuta kwenda stoo kunachukua kama nusu saa. Kebo ni Cat5e (daraja la kebo ya mtandao; Cat6, Cat6a na Cat8 ni za juu yake), ilipitishwa kwenye paipu ukutani wakati nyumba inajengwa. Nikinunua swichi (boksi la poti nyingi la kuunganishia kebo za mtandao) ya gigabiti 2.5 nitaona tofauti, au ni lazima nibomoe ukuta niweke kebo mpya? Intaneti yangu ni megabiti 50.

Jibu: Usiguse ukuta, ndugu yetu. Hiyo nusu saa imeshatuambia tatizo liko wapi. Gigabaiti 200 kwa dakika 30 ni kama megabaiti 111 kwa sekunde, na laini ya gigabiti 1 kwa sekunde huishia hapohapo (baiti moja ni biti nane): ukiondoa nafasi inayoliwa na anwani za pakiti, yaani vipande ambavyo data husafiri navyo, zinabaki megabiti 940 hivi, yaani megabaiti 112 hadi 118 kwa sekunde. Kebo yako ni nzima na kadi zako ni nzima. Gigabiti 1 ndiyo imefika mwisho.

Kiwango cha 2.5 kilitungwa kwa ajili ya majengo kama lako. IEEE, chama cha wahandisi kinachotunga viwango, walikipitisha mwaka 2016 kwa jina 802.3bz, ili penye Cat5e ukutani spidi ipande bila kung'oa kitu, na kinakwenda mita 100 kamili. Katika kiwango hichohicho ipo pia gigabiti 5, ambayo ilikusudiwa Cat6, ingawa kwa mita chache za nyumbani Cat5e nzuri mara nyingi huibeba. Gigabiti 10 ni habari nyingine: inataka Cat6a kwa mita 100, au Cat6 isiyozidi mita 55, na hupungua zaidi kebo zikifungwa bunda moja.

Kwa kazi yako tunashauri 2.5. Diski moja ya kuzunguka huandika megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde ikiwa tupu, na hushuka karibu nusu inapokaribia kujaa. Nne zikifanya kazi pamoja zitaimeza 2.5 yote, lakini hazitaijaza 10, na vifaa vya 10 vya shaba hula umeme mwingi na hupata joto. Gigabaiti zako 200 zitapita kwa dakika 12 hivi. Intaneti yako itabaki megabiti 50 vilevile. Swichi haiongezi kilicholipiwa kwa mtoa huduma.

Nunua swichi ya poti tano za 2.5 na kadi moja ya mtandao ya 2.5 ya kuchomeka ndani ya kompyuta, kwenye nafasi ya PCIe (zenye chipu ya RTL8125 zinapatikana kirahisi na Windows na Linux zinazijua). Kisha tazama upande wa hifadhi. Kama poti yake ni ya gigabiti 1, angalia kama ina nafasi ya kadi. Kama haina, adapta ya USB inaweza kusaidia, lakini hakikisha kwanza kwamba mfumo wa hifadhi hiyo una draiva yake, na ichomeke kwenye USB 3. Kwenye USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa karatasi, adapta ya 2.5 itakupa 300 na kidogo, chini ya ulizonazo sasa.

Wengi hukosea mahali pa kuchomeka. Kompyuta na hifadhi zote mbili ziingie kwenye swichi mpya, kisha kebo moja itoke swichi kwenda rauta. Rauta yenyewe haina haja ya kubadilishwa, kwa sababu mafaili yatapita poti kwa poti ndani ya swichi bila kuigusa. Ukiiacha kebo ya hifadhi kwenye poti ya rauta ya gigabiti 1, hutaona badiliko lolote.

Ukimaliza, pima kabla ya kunakili chochote. Kwenye Windows fungua sifa za laini ya mtandao uone kama imeandikwa 2500/2500. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi. Kisha weka programu ya iperf3 pande zote mbili. Upande wa hifadhi andika iperf3 -s, upande wa kompyuta andika iperf3 -c na anwani ya hifadhi, mfano 192.168.1.20, na -t 30 ili ipime nusu dakika. Rudia ukiongeza -R ili kupima njia ya kurudi. Gigabiti 2.3 hadi 2.35 ni matokeo mazuri. Ikisoma hivyo halafu mafaili bado yanakwenda polepole, acha kuilaumu kebo. Ni diski, au ni maelfu ya picha ndogondogo ambazo kila moja inataka kufunguliwa na kufungwa. Laini ikikatika na kurudi kila baada ya muda, zima kwenye kadi mpangilio wa kuokoa umeme uitwao EEE, kisha kagua vichwa vya kebo. Na ukubwa wa pakiti uache kwenye 1500. Ukiupandisha kwenye kifaa kimoja na kukisahau kingine, kurasa na mafaili yatafunguka nusunusu na utatafuta ugonjwa kwa siku nyingi.

Swali: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, tunakaa Soweto, Moshi. Baba amelipia fiba ya megabiti 200. Simu kwa waifai inasoma 180, lakini kompyuta ya mezani yenye waya haivuki 94. Fundi alikuja na testa yake, taa zote nane zikawaka, akasema waya ni mzima.

Jibu: Marahaba, kijana wetu. Ukiona 94, jua laini imeshikana kwa megabiti 100. Sasa ni kutafuta aliyeiangusha, na tafuta kwa mpangilio huu.

Anza kwenye boksi la fiba. Maboksi mengi ya watoa huduma yana poti nne zinazofanana kwa sura, lakini moja tu ni ya gigabiti na tatu ni za 100. Geuza boksi usome maandishi: GE ni gigabiti, FE ni 100. Kebo ikiwa kwenye FE, ihamishie GE na huenda kazi ikaishia hapo. Ikiwa kuna swichi ya zamani katikati, isome nayo. Moja ya 100 inatosha kuwabana wote walio nyuma yake. Hali kadhalika kadi ya kompyuta, hasa ikiwa ni adapta ya USB ya bei ndogo.

Hivyo vyote vikiwa sawa, peleka kompyuta hadi kwenye boksi na uiunge kwa kebo fupi ya kiwandani. Ikipanda juu ya 94, tatizo liko kwenye kebo ya ukutani au vichwa vyake. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia jozi zote nne. Pini ya 4, 5, 7 au 8 ikilegea, vifaa vinateremka hadi 100 bila kutoa taarifa. Kuna pia mtindo wa kugawa kebo moja kuwa laini mbili, nyaya nne kwa kompyuta na nne kwa kamera. Ilifaa enzi za 100. Kwa gigabiti haiwezekani, kila kifaa kinataka kebo yake.

Na ile testa? Inaonyesha tu kwamba waya namba 1 umefika namba 1 na kadhalika. Haioni kosa linalotusumbua zaidi, la kupanga rangi kwa kufuatana: chungwa pamoja, kijani pamoja, bluu pamoja, kahawia pamoja, pande zote mbili. Taa zitawaka zote nane. Lakini pini ya 3 na ya 6 ni lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na kwa mpangilio huo ya 3 inatoka jozi ya kijani na ya 6 inatoka jozi ya bluu. Msokoto ndio unaofuta kelele. Ukiuvunja, jozi moja inavuja ndani ya nyingine, na laini inateremka au inakatikakatika.

Mpangilio sahihi wa rangi, uitwao T568B, ukishika kichwa kwa ulimi wake chini na matundu ya kuingizia waya yakikuelekea wewe, kutoka kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Menya ganda la nje sentimita 3, nyoosha nyaya, zipange, kisha zikate zote kwa mkato mmoja zibaki milimita 13. Sukuma mpaka uone ncha nane za shaba zimegusa ukuta wa mbele wa kichwa, na ganda la nje limeingia chini ya kibanio cha nyuma. Ganda likibaki nje, kila ukisogeza meza unazivuta nyaya zenyewe. Bana kwa koleo mara moja kwa nguvu. Kwa kebo ya Cat6 tumia vichwa vya Cat6, maana nyaya zake ni nene na hazikai vizuri kwenye vichwa vya Cat5e. Kilicho bora kuliko kubana ni kumalizia kebo ya ukutani kwenye soketi ya ukutani, kisha kutoka hapo hadi kwenye kompyuta utumie kebo fupi ya kiwandani. Nyaya za ukutani ni za uti mmoja mgumu na hazipendi kukunjwakunjwa.

Swali: Niko Sakina. Duka moja linauza boksi la Cat6 la mita 305 kwa karibu nusu ya bei ya duka jirani. Maandishi yanafanana, ila ya bei nafuu ina herufi CCA. Nataka pia kamera nne zinazopata umeme kwa kebo hiyohiyo. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua ya shaba tupu, dada, hata kama itabidi ununue mita chache. CCA ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu. Kilichoandikwa Cat6 juu yake hakibadilishi hilo. Ukinzani wake wa umeme unazidi wa shaba kwa nusu na zaidi, kwa hiyo kamera iliyo mbali inapata volti pungufu na inajizima usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka, huku kebo yenyewe ikipata joto. Aluminiamu pia hukatika ukiikunja mara chache, na kwenye soketi hufanya kutu nyeupe inayoharibu mgusano baada ya miezi kadhaa. Hiyo kutu ndiyo hufanya nyumba iliyokuwa nzuri siku ya kukabidhiwa ianze kusumbua baadaye.

Dukani, kwangua waya mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, CCA inatoa weupe wa fedha. Nyanyua maboksi yote mawili. La CCA ni jepesi waziwazi. Kwa kebo iliyokwisha kuzikwa ukutani tumia mita ya umeme. Unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mbali, pima ukinzani upande wa karibu, na utoe ukinzani wa vijiti vya mita yenyewe (vigusanishe kwanza uone vinasoma ngapi). Kwa kebo ya mita 20, shaba ya 24 AWG (kipimo cha unene wa waya, namba ikishuka waya ni mnene zaidi) itasoma ohmu 3.4 hivi, ya 23 AWG ohmu 2.7. Ukiona 5 au zaidi, ama ni CCA, ama kuna kiungo kibovu njiani.

Swali: Shikamooni. Nina nyumba kubwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja kimoja huku Moshono, umbali kama mita 60. Tulipitisha waya wa mtandao juu kwa juu. Masika iliyopita radi ilipiga jirani, swichi za pande zote mbili zikaungua. Niweke waya mzito zaidi wa nje?

Jibu: Marahaba, mama. Hapana, usirudishe shaba. Kila nyumba ina erthi yake, na radi inapopiga karibu, ardhi ya upande mmoja na ya upande mwingine huwa na volti tofauti kwa nukta ya sekunde. Kebo ya shaba inakuwa daraja kati ya hizo mbili. Poti za mtandao zimekingwa kwa volti 1500 hivi, na radi hupita hapo bila shida. Waya mzito zaidi ungelipitisha hilo kwa urahisi zaidi. Kwa miezi ya Machi hadi Mei chini ya Mlima Meru, hili si jambo la kubahatisha.

Weka fiba. Kioo hakipitishi umeme, na kwa mita 60 kazi yake ni nyepesi. Utahitaji kebo ya fiba ya aina ya singo modi, uti mmoja, yenye vichwa vilivyofungwa kiwandani pande zote mbili, mita 80 ili ibaki ziada ya kuzungusha kila upande. Konvata mbili za gigabiti (vifaa vya kuunganisha fiba na kebo ya shaba) zinazouzwa kwa jozi. Na mita 60 na kidogo za paipu nyeusi ya maji ya milimita 32.

Kwenye konvata soma herufi: moja ni A, nyingine ni B. A hutuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, B kinyume chake, ndiyo maana uti mmoja unatosha. Ukiuziwa A mbili, taa ya fiba haitawaka kamwe, hata ungebadilisha kebo mara ngapi. Rangi ya vichwa nayo ifanane: konvata nyingi hupokea kichwa cha aina ya SC cha bluu. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, na ukiichomeka kwenye bluu nyuso za kioo hazikutani, mwanga unapotea.

Chimba nusu mita, laza paipu ikiwa na kamba ndani, uvute fiba ukiishika kwenye ganda lake, si kwenye kichwa. Funika kichwa kwa mfuko na utepe kabla ya kuvuta. Kona ziwe pana. Fiba isikunjwe kwenye duara dogo kuliko kikombe cha chai. Kebo nyingi za kuvuta nje zina waya wa chuma pembeni wa kuzibeba. Omba isiyo na chuma. Ukiikosa, kata chuma hicho mita chache kabla ya kuingia ndani pande zote mbili, la sivyo umeirudishia radi njia yake ileile. Safisha ncha kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kuchomeka, na usichungulie ndani ya fiba iliyowashwa, mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaumiza.

Radi ingali na njia ya kuingia kupitia umeme wa ukutani, kwa hiyo kila konvata ikae nyuma ya kinga ya umeme au UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya nyumba yake. Siku ukitaka gigabiti 10 kati ya nyumba hizo, fiba inabaki ardhini ilivyo. Unabadilisha vifaa vya ncha tu.

Swali: Naezeka mwezi ujao huku Rau, na fundi umeme anaanza kutindua kuta. Nimeshauriwa ninunue Cat8 ili nisirudie kazi tena. Ni sahihi?

Jibu: Cat8 ilitungwa kwa vyumba vya seva, mita 30 kwa spidi za gigabiti 25 na 40, na ni nene, ngumu, yenye ganda la chuma linalotaka kufungwa erthi sawasawa. Nyumbani haikupi chochote ambacho Cat6 ya shaba tupu haikupi. Pesa hiyo ielekeze kwenye paipu.

Mwambie fundi aweke paipu za milimita 25 za mtandao peke yake, mbali na za umeme walau sentimita 20 zinapokwenda sambamba, na zinapokutana zikatane msalaba. Kwenye paipu ya 25 kebo nne za Cat6 zinapita bila kulazimisha. Kwenye ya 20, mbili. Kona zikunjwe kwa springi, si kiwiko cha kugundisha, kwa sababu kiwiko ndicho kinachonasa kebo. Kila chumba kipate kebo mbili, na kamba ya kuvutia ibaki ndani ya kila paipu. Zote zikutane mahali pamoja, karibu na fiba itakapoingilia na penye soketi ya umeme ya UPS. Usivute kwa nguvu ya watu wawili: kebo hizi hazitakiwi kuvutwa zaidi ya uzito wa kilo 11 hivi, jozi zinanyooka ndani na huoni kwa nje. Darini zipite juu ya mbao za dari, si kwenye kenchi zikigusa bati. Jua la Moshi mchana linapandisha joto la bati kupita kiasi, na kebo ya kawaida imepimwa kwa nyuzi 60 tu. Mbao za dari zina panya pia, hivyo hata darini kebo ibaki ndani ya paipu.

Swali: Nilitaka kuongeza spidi kati ya rauta na swichi, nikaweka kebo ya pili sambamba na ya kwanza. Mtandao mzima ukafa, hata waifai. Nimeharibu kitu? (Kijenge, Arusha)

Jibu: Hujaharibu. Umeunda duara. Pakiti inayotumwa kwa kila kifaa inatoka kwa kebo moja, inarudi kwa nyingine, inatumwa tena, na swichi za kawaida hazina uwezo wa kugundua kwamba zinazungusha kitu kilekile. Ndani ya sekunde chache laini yote imejaa. Toa kebo moja, subiri kidogo, na kama haijarudi zima swichi na rauta kwa nusu dakika. Kuunganisha kebo mbili kuwa laini moja kunahitaji swichi zenye mipangilio ya LACP pande zote mbili, na hata hapo faili moja linalonakiliwa bado litapita kwenye kebo moja kwa gigabiti 1. Ukihitaji zaidi ya hapo kati ya vifaa viwili, rudi kwenye jibu letu kwa msomaji wa Njiro.